Hatua Tisa Kando ya Kaburi

Wanafunzi wake wanamwita Papa Triangle. Yeye anajua, na hakasiriki. Jina lake ni Philémon Zagabe, ana miaka arobaini na saba, na kazi yake ni ya namna ambayo ukiieleza hapa Bukavu watu wanakutazama kwanza, kisha wanauliza kama inalisha. Anapima vilima. Si kwa kamba, hapana. Anachukua kilima, anakiingiza ndani ya kompyuta, anakikatakata pembetatu elfu mbili, elfu tatu, halafu anauliza kila pembetatu maswali yale yale: una uzito gani, umeshikana na mwenzako kwa nguvu gani, na maji umekunywa kiasi gani.

Ukimwacha aendelee, chai yako itapoa. Atakuambia kila pembetatu inasukuma jirani yake, na jirani naye anasukuma wa kwake, na mashine inazunguka kati yao kama mpatanishi wa ukoo, inahesabu, inarudi, inahesabu tena, mpaka zote zikubaliane. Zikikubaliana, kilima kimesimama. Kisha Philémon anaanza ukorofi wake: anapunguza nguvu ya udongo kidogo kidogo, kwa makusudi, mpaka mapatano yashindikane na mashine isimame yenyewe. Hapo anajua kilima kilikuwa na akiba gani. Akiba ikifika moja na nusu, lala usingizi. Ikiwa chini ya moja, hama leo. Na katikati ya hizo namba mbili ndimo tunamoishi sisi wengine, tuliojenga nyumba juu ya kichwa cha nyumba nyingine kwenye udongo mwekundu, kana kwamba kuna mahali kilima kilitia sahihi kwamba hakitatembea.

Hakuzaliwa mjini. Alitoka upande wa Kamanyola akiwa na miaka minane, baada ya baba yake kufariki, na mama yake akamkabidhi kwa dada yake mkubwa, maman Eulalie, aliyeolewa hapa mjini, mtaa wa Nguba. Kwa hiyo aliyemlea ni huyu maman mukubwa, na mpaka leo anamwita maman tu. Mume wake, papa Stanislas, alikuwa directeur, yaani mkuu, wa shule ya msingi, mtu mkali lakini asiyepiga. Alimfundisha Philémon jometria juu ya meza ya kulia, sahani zikisukumwa pembeni. Mstari ukipinda, futa. Nukta ikikaa nje ya mstari, futa, anza upya. Daftari chafu alikuwa halisahihishi kabisa, hata kama majibu ni sawa. Philémon alimpenda mzee huyo kuliko anavyoweza kusema, na usafi wa kuchora ulimwingia damuni.

Papa Stanislas alifariki mwezi wa pili. Alikuwa ameomba azikwe kwake, kwenye kile kijitambarare nyuma ya nyumba kinachotazama ziwa, na familia ikahangaika mpaka ikapata ruhusa. Wakamjengea kaburi la sementi, pana, lenye msalaba mdogo. Miezi mitano baadaye binti yake Mapendo alirudi nyumbani na watoto watatu, ndoa imekwisha, na maman Eulalie akaamua kumjengea nyumba ndogo chini ya kaburi, kwenye mteremko. Lakini si kabla ya kumuuliza mhandisi wake.

Mhandisi akafurahi, jamani. Mji huu watu wanajenga kwanza, kisha wanakuita kuja kuangalia nyufa. Na hapa mama yake mwenyewe anamwita kabla ya jiwe la kwanza. Alikuja mwezi wa saba, kiangazi, vumbi tupu, na chombo chake cha kutobolea, kile chuma kirefu chenye ncha iliyojisokota ambacho watu wawili wanakizungusha kwa mikono mpaka kiteremke mita tano, sita. Karatasini alikuwa amechora mstari mmoja kutoka juu ya kiwanja hadi chini, na juu ya mstari nukta tatu. Nukta ya pili iliangukia kaburini, pembeni kabisa mwa kichwa cha mzee.

"Hapo hapana," maman Eulalie alisema.

"Maman, ni katundu kadogo tu. Hata mukono haiwezi kuingia."

"Philémon. Papa yako hajamaliza hata miezi sita mu udongo, na weye unataka kumutobolea karibu ya kichwa? Toboa kwengine. Mulima iko mukubwa."

Alikuwa bado amevaa nguo nyeusi. Philémon alishika chuma chake akatafuta maneno. Alitaka kumwambia kwamba pale katikati ndipo kilima kinapoficha siri zake, kwamba juu na chini si kitu kama hujui katikati. Aliyaona yale macho, akasema, "Sawa, maman." Basi. Ni adabu, nani angemlaumu? Akahama hatua tisa kwenda kushoto, karibu na mparachichi, akatoboa hapo. Udongo ukatoka mwekundu, mgumu, mkavu mpaka mita tano. Udongo wa kumpendeza mtu yeyote.

Kosa si pale. Kosa alilifanya mezani. Nukta ya pili, kwa haki, ilipaswa kuhamia nje ya mstari, na pembeni aandike: hapa katikati hatukutoboa, hatujui. Ingechafua mchoro. Ingemlazimu kueleza kwa nini, na kueleza ni kumtaja mama na kaburi katika ripoti. Hatua tisa ni nini katika kilima kizima? Akaiacha nukta mahali pake, juu ya mstari, safi. Akaipa udongo mwekundu wa kwenye mparachichi. Mashine haina macho, inakula unachoilisha. Ikakata pembetatu zake, ikapatanisha, ikatoa moja nukta thelathini na nane. Akiba ya kutosha kwa nyumba ndogo. Philémon akatia sahihi, na kabla ya Noeli Mapendo na watoto walikuwa wameingia.

Sasa sikiliza mambo ya tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo, sikukuu ya marehemu wote, Wakatoliki wa mji huu wanaosha makaburi yao. Wanang'oa majani, wanapaka chokaa, wanaweka maua na mishumaa, wanasali. Mwaka ule wa kwanza, nyumba ya Mapendo ikiwa bado haijaezekwa, walikuta kaburi la mzee limepasuka upande wa kichwa, ufa mwembamba kama uzi. Maman Eulalie alihuzunika sana. Alikuwa amepitisha misa ya mwezi ya kumwombea mzee bila kuiomba.

"Papa iko nalalamika," alisema. "Nimemusahau."

Mapendo alisema ni sementi mbaya, mafundi wamewaibia. Na Philémon? Philémon alikunja suruali yake ya kanisani, akachanganya sementi katika beseni, akaziba ufa kwa mwiko, akalainisha vizuri, akanawa mikono, wakasali. Maman akaenda parokiani kuomba misa. Mwaka wa pili ufa ulikuwa umerudi palepale, sasa unaingia kidole. Misa nyingine. Beseni lingine la sementi, mkono uleule wa Philémon.

Hapa mtu unatamani umshike mashati umtikise. Huyu ndiye mwalimu ambaye kila mwaka anasimama mbele ya darasa na kufundisha kwamba ukuta ukipasuka, unabandika kipande cha plasta juu ya ufa na kuandika tarehe, ili ujue kama ufa umelala au unatembea. Alibandika mwenyewe, mara mbili, na hakurudi kusoma. Lakini mbele ya lile kaburi hakuwa mhandisi. Alikuwa mtoto wa miaka minane aliyehifadhiwa na mzee yule, na ufa katika kaburi la baba si habari ya udongo, ni habari ya familia. Nyumba ingepasuka wangemwita mbio. Kaburi likipasuka unamwita padri.

Mwaka wa tatu alipopiga magoti na mwiko wake, aliona mistari. Sementi ya mwaka wa kwanza ilikuwa ya kijivu cheusi, imebaki upande wa juu. Ya mwaka wa pili ilikuwa nyeupe kidogo, imebaki upande wa chini. Katikati yake shimo jipya, vidole viwili na nusu. Akaliweka lile beseni chini. Kisha akainuka, akafuata ufa nje ya kaburi, akafunua majani ya viazi vitamu vya maman kwa mguu. Ulikuwa unaendelea. Kulia mpaka kwenye ukuta wa jirani, kushoto mpaka karibu na mparachichi, umepinda kama mundu, na upande wa chini umeshuka kuliko wa juu kwa urefu wa kiganja.

"Inabakia maua," maman Eulalie alimwita. "Uko natafuta nini mu viazi?"

"Maman, mulima iko natembea," alisema.

Mapendo alimtazama kama mtu aliyetukana kanisani.

"Weye mwenyewe ulisema iko muzuri," alisema mwishowe. "Tulijenga juu ya kinywa yako."

Alihitaji kutoboa palepale alipokatazwa. Na safari hii maman Eulalie hakusema hapana. Alisema neno baya kuliko hapana: kwamba kaburi la baba haliguswi bila idhini ya mtoto wake wa kwanza. Huyo ni Jean-de-Dieu, na Jean-de-Dieu yuko Shabunda, kwenye dhahabu, mahali ambapo ili simu ishike lazima upande mlima asubuhi na uwe na bahati. Wakatuma ujumbe kwa mtu, amwambie mtu, amwambie Jean-de-Dieu. Siku sita zilipita. Kila alasiri mvua ilinyesha, na kila alasiri Philémon alikuwa anasimama mlangoni mwa darasa lake anaitazama akiwa hasikii wanafunzi wanasema nini. Alimsihi Mapendo atoke na watoto. Mapendo alisema ataondoka akiona kitu kwa macho yake, kwa sababu karatasi ya Philémon ameshaiona.

Siku ya saba sauti ya Jean-de-Dieu ikaja kwenye simu, imejaa upepo. "Kama iko juu ya kuokoa maman, mutoboe. Lakini mumwambie papa mbele ya kutoboa."

Walimwambia. Maman Eulalie alisimama kando ya kaburi na mwamvuli, akamweleza mume wake kwa Kishi, lugha ya kwao, polepole, kama unavyomweleza mgonjwa kwamba daktari anataka kumchoma sindano. Philémon na mwanafunzi mmoja wakaanza kusokota. Mita moja, udongo mwekundu. Mbili, mwekundu. Mita ya tatu na nusu chuma kikaacha kukataa. Kilishuka chenyewe, kwa uzito wake tu, mikono ya watu imelegea juu yake. Walipokivuta, kilileta udongo wa kijivu, laini, unaoteleza kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji, na nyuma yake maji yenyewe yakapanda tunduni. Mapendo aliingiza kidole katika ule udongo. Aliutazama muda mrefu, kisha akaenda kuanua nguo za watoto kwenye kamba. Jioni ile ile alihamia kwa Philémon, Muhungu, na magodoro mawili na sufuria.

Philémon alipeleka udongo kwenye maabara, akaukata kwa mashine, akaandika nguvu zake, ambazo zilikuwa za kusikitisha. Saa sita mchana alikaa katika ofisi ya parokia, ambako kuna umeme wa jua, akakichora kilima upya. Kwanza, kwa kujitesa, alirudia hesabu ya zamani na udongo mwekundu peke yake. Moja nukta thelathini na nane. Mashine haikuwahi kudanganya hata siku moja. Kisha akaweka tabaka la kijivu mahali pake pa kweli. Moja nukta sifuri mbili. Kisha akainua maji mpaka yajae ufa, kama mvua ya siku moja inavyoweza kufanya. Mapatano hayakupatikana. Sifuri nukta tisini na nne. Utepe mwekundu, unaoonyesha kilima kitakatikia wapi, ulianza kwenye kichwa cha kaburi, ukapita chini ya papa Stanislas, chini ya nyumba ya Mapendo, chini ya kona ya nyumba kubwa, ukatokea kwenye ukuta wa mawe juu ya barabara ya chini. Aliweka kichwa juu ya meza ya katibu wa parokia, akalia. Katibu alitoka nje kwa heshima.

Alimwambia maman Eulalie kila kitu, amesimama, hakutaka kiti. Alimwambia juu ya hatua tisa na juu ya nukta aliyoiacha juu ya mstari. Maman alimsikiliza akichambua maharage.

"Nani alijua kama ulihamisha?" aliuliza.

"Miye tu, maman."

"Bon," alisema. Akaendelea na maharage yake. "Miye ntatoka na papa yako. Hatutoki mbalimbali. Jean-de-Dieu akuje, ashike jembe ya kwanza, tumuhamishe, njo nitatoka."

Ndivyo desturi, na hakuna mwenye ujanja wa kuizunguka. Mtoto wa kwanza ndiye anayefungua udongo wa baba yake. Lakini kutoka Shabunda ni ndege ndogo inayokuja ikitaka. Jumatatu haikuja. Alhamisi haikuja. Philémon alikwenda kwa chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, akapiga kelele ambazo hajawahi kupiga maishani, na Jumatano ya wiki iliyofuata familia mbili za chini ya ukuta wa mawe zikaondolewa, zinamlaani njia nzima. Maman Eulalie alibaki. Kila siku Philémon alienda kumsihi, na kila siku alirudi shingo upande. Alikuwa ana adabu mno, ndiyo shida yake. Angeweza kuzungumza na pembetatu elfu tatu, lakini mama mmoja anamshinda.

Jumamosi mvua ilianza saa nne asubuhi, ile ya matone makubwa, na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Philémon alichukua pikipiki ya kukodi. Alipofika Nguba alimkuta maman Eulalie nje, amelowa chapachapa, anatandaza hema la plastiki juu ya kaburi na kulibana kwa matofali. Pembeni ya plastiki ufa ulikuwa unakunywa. Maji yote ya kiwanja yalikimbilia mle ndani, na hayakutokea popote.

"Tuende, maman."

"Nisaidie hapa, weka tofali ile upande ya kichwa."

"Tuende sasa hivi."

"Nilisema nitatoka na yeye."

Akamshika mkono. Alijivuta. Akamshika kwa mikono miwili, akamzungusha, akaanza kumburuta kuelekea lango, yeye, Philémon Zagabe, ambaye hajawahi kumpandishia mama huyu hata sauti. Maman Eulalie alimuuma mkono mpaka damu. Alipoteza kiatu kimoja kwenye matope. Majirani walitoka kwenye vibaraza vyao kuangalia mwanamume mzima anamvuta mama yake mjane kwenye mvua, na wengine wakamzomea.

"Nilikulea miye," alisema, na sauti yake haikuwa hata ya juu. "Nilikulea, Philémon. Uniache. Kama hauniachi, usiniite tena maman."

Laana ya mama si mchezo kwetu. Aliisikia yote, ikamwingia, na hakumwachia. Alimfikisha barabara ya juu, chini ya mabati ya duka, akamkumbatia kwa nguvu ili asirudi. Walisimama hivyo karibu saa nzima.

Kisha mparachichi ukaanza kuondoka. Ulikwenda ukiwa umesimama wima, taratibu, kama mtu anayesindikizwa. Nyuma yake kiwanja kikajikunja. Nyumba ya Mapendo ilikaa chini, ikafunikwa na mabati yake yenyewe. Plastiki ya buluu ilionekana mara moja juu ya tope, ikageuka, ikapotea. Kona ya nyumba kubwa ikakatika, na kabati la sahani likabaki wazi kwa watu wote kuona. Mngurumo ulifika mwishoni, baada ya macho kuwa yamemaliza kazi.

Watu walisema Mungu ni mkubwa, hakuna aliyekufa. Waliokuwa wanamzomea Philémon walikuja kumshika mkono. Maman Eulalie alikaa kwenye gunia la mkaa la mwenye duka, mguu mmoja hauna kiatu, akamtazama kila aliyesema hakuna aliyekufa.

Jean-de-Dieu alifika Jumatatu. Alishika jembe la kwanza, kama ilivyotakiwa, lakini hakukuwa na mahali pa kulipiga. Walichimba siku kumi, watu ishirini. Walipata vipande vya sementi, kimoja kina mistari ya rangi mbili. Sanduku hawakulipata. Tope lilikuwa limeshuka na kuchanganyika mpaka kwenye bonde, na siku ya kumi na moja sehemu nyingine ya juu ikalegea, na serikali ikakataza kuchimba. Jean-de-Dieu alirudi Shabunda bila kuagana na Philémon.

Tangu hapo maman Eulalie anaishi Muhungu, katika chumba cha mbele kwa Philémon. Si mtu mgumu kuishi naye. Anachambua maharage, anawafundisha watoto wa Mapendo sala, anauliza darasa lilikwendaje. Ile laana hakuirudia wala hakuiondoa, na Philémon ameendelea kumwita maman, na yeye ameendelea kuitika. Kuhusu Nguba, kimya. Mwaka mzima Philémon alingoja amlaumu. Alijiandaa kwa ajili ya hiyo nukta, alikuwa tayari kupiga magoti. Asipokulaumu mtu uliyemkosea, unakula chakula chake kila siku kama mwizi, na ndivyo alivyokula. Alikonda. Ripoti za kutia sahihi amekataa zote, na wenye viwanja wamepata sahihi kwengine, kwa watu wasiotoboa hata mahali pamoja.

Ikafika tena tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja. Asubuhi, baada ya misa, maman Eulalie alikaa mezani na maua yake yamefungwa kwa gazeti, mishumaa sita, na kanga yake nzuri.

"Fungua ile mashine yako," alisema. "Nionyeshe papa yako iko wapi."

Philémon aliifungua. Kilima kikatokea, na pembetatu zake zote, na utepe mwekundu. Maman alisogeza kiti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona kazi ya mtoto wake.

"Alikuwa hapa, maman. Hapa juu, penye nyekundu inaanza."

"Mi nauliza sasa."

"Mashine inasimama pale mulima inaanza kutoka. Mpaka pale inahesabu. Kisha pale haijue kitu. Hakuna hesabu."

"Hata ya kukisia?"

Angeweza kuweka kidole mahali popote. Kwenye bonde, karibu na mawe, pale wanapokausha nguo siku hizi. Maman angeamini, angekwenda na maua yake, angekuwa na mahali pa kupiga magoti mpaka afe. Kidole kilikuwa tayari juu ya kioo. Alikirudisha mapajani.

"Hapana, maman. Sijue iko wapi."

Maman Eulalie alitikisa kichwa polepole. Aliangalia kilima kwa muda, akagusa kioo mahali penye nyekundu, akafuta alama ya kidole chake kwa pindo la kanga.

"Ile siku ya mvua ulinivuta," alisema. "Nilikuuma, nilikulaani, batu bote banaangalia. Na haukuniacha."

"Ndiyo, maman."

"Kumbe unaweza." Alikuwa anaongea kwa upole, kama anayeuliza njia. "Ile siku ya kutoboa, nilisema hapana mara moja tu. Mara moja, Philémon. Nilikuwa mujane ya miezi tano, akili yangu yote iko mu kaburi. Weye njo ulikuwa ingénieur. Juu ya nini haukunivuta ile siku?"

Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Maman Eulalie alimngoja, alimngoja kweli, kwa sababu alitaka kujua. Kisha akachukua maua yake na mishumaa, akavaa viatu, akatoka kwenda barabarani kutafuta pikipiki ya Nguba.